Mchunga unazikwa chini ya pevingi

Mvua za vuli zikishapungua, kila kipande cha ardhi ambacho hakijajengwa kati ya Bunju na Chamazi huanza kutoa manjano. Kandokando ya reli ya TAZARA kule Yombo, kwenye viwanja vya Toangoma vilivyopimwa na kuachwa, pembeni mwa barabara za vumbi za Mabwepande na Wazo, maua madogo hunyanyuka juu ya vikonyo virefu na vyembamba. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Wanaosimama ni kina mama wenye viroba na visu vidogo, na hao hawafuati maua. Ua kwao ni alama tu kwamba hapo pana mchunga, na penye mmea uliochanua hapakosi miche mingine iliyo chini, yenye majani laini.

Mchunga ni mojawapo ya mboga chungu kabisa zinazoingia katika sufuria za Pwani. Ni mboga ambayo haikupandwa na mtu, haikumwagiliwa wala kutiwa mbolea, na bado inafika sokoni Tandika na Mbagala ikiwa imefungwa mafungu kama mchicha. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu milioni 4.3 katika sensa ya 2012 na zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Jiji linalokua kwa kasi hiyo haliwezi kuchezea chakula kinachoota chenyewe. Hata hivyo ndicho kinachofanyika, kiwanja baada ya kiwanja, na mara nyingi kwa jina la usafi na urembo.

Kwa wataalamu mmea huu ni Launaea cornuta, na ukoo wake ni ule wa alizeti. Ni ukoo mkubwa: alizeti ya Singida imo, pareto ya Mufindi imo, saladi inayouzwa Kariakoo imo. Henk Beentje, mtaalamu wa bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, aliongoza uandishi wa sehemu inayohusu ukoo huu katika ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kitabu cha kwanza cha ukoo huo kilitoka mwaka 2000, na kazi nzima ilikamilika mwaka 2012 baada ya miaka 60, ikiwa na zaidi ya aina 12,000 za mimea. Mchunga ni mmoja tu kati ya hizo, na unastahili kutazamwa kwa karibu.

Mtu akilichuma ua la mchunga asubuhi na kulishika karibu na macho, ataona kuwa si ua moja. Ni kichwa kilichobeba vijiua vingi. Kila utepe wa manjano unaodhaniwa kuwa petali ni ua kamili, lenye chavua yake na mbegu yake, na kwenye ncha ya kila utepe kuna meno matano madogo, kana kwamba umekatwa kwa mkasi wa fundi cherehani. Alizeti ina vijiua vya namna mbili, vya utepe pembeni na vya mrija katikati. Mchunga una vya utepe peke yake, na hapo ndipo undugu wake na saladi unapoonekana wazi. Ua likikauka hubaki mbegu nyembamba zilizovikwa manyoya meupe, na upepo wa mchana huzichukua kutoka kiwanja hiki hadi kile.

Jani nalo lina sura yake. Ni refu, jembamba, na karibu na mguu wake limechomoza masikio mawili yaliyochongoka kama pembe. Likikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa unaonata vidoleni. Utomvu huo ndio wenye uchungu, na kazi yake ni kuwafukuza wadudu na mifugo. Chini ya mchanga kuna shina linalotambaa, refu kuliko mtu anavyotarajia kwa mmea mdogo namna hiyo. Jembe likilikata vipande, vipande huchipua. Panga likifyeka juu, majani mapya hutoka baada ya muda mfupi, tena yakiwa laini kuliko yale ya kwanza. Mchunga, kwa maneno mengine, umeumbwa kustahimili misukosuko ya ardhi inayochezewa na watu, na Dar es Salaam ina ardhi kama hiyo kwa wingi.

Ukoo huu una historia ndefu na ukame. Kusini-magharibi mwa Afrika, katika eneo la Namaqualand, nusu jangwa ambalo kwa miezi mingi ni mawe na vumbi hufunikwa na maua ya rangi ya chungwa, ya manjano na meupe kila Agosti na Septemba, iwapo mvua za kipupwe zimenyesha vizuri. Mengi ya maua hayo ni ya ukoo uleule wa alizeti. Watu husafiri mamia ya kilomita kuyaona, nyumba za wageni hujaa, na sehemu ya eneo hilo imefanywa hifadhi ya taifa. Dar es Salaam si jangwa. Hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Lakini mchanga wa Chamazi haushiki maji. Jua la Januari likiwaka wiki mbili mfululizo, mchicha usiomwagiliwa hulala chini. Mchunga katika mchanga huohuo huendelea kutoa majani, kwa sababu akiba yake iko chini, ambako joto halifiki kirahisi.

Hakuna anayesafiri kuja Mbagala kutazama mchunga, na si lazima asafiri. Kinachosikitisha ni kwamba hata waliozungukwa nao wameanza kuuona kama uchafu.

Jikoni mchunga una taratibu zake, na anayezijua hazimpi shida. Huchumwa kabla haujatoa kikonyo cha ua, maana ukishachanua uchungu huzidi. Majani huchambuliwa, huoshwa mara mbili tatu kuondoa mchanga, hukatwa, kisha huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa. Wapo wanaoyafikicha kwa chumvi na kuyakamua kabla ya kuyabandika. Baada ya hapo ni kitunguu, nyanya, na tui la nazi la kwanza linaloingia mwishoni ili lisikatike. Wengine huuchanganya na mchicha au matembele ili watoto wakubali kuula. Wengine hupendelea karanga. Wazee wengi wa Pwani hawataki uchungu wote uishe. Mchunga uliochemshwa hadi ukawa hauna ladha, kwao, ni kazi bure, na kwa hilo wako sahihi.

Elimu hii haipo Pwani pekee. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha kazi kuhusu majani ya porini katika chakula cha watu wa Lushoto, akionyesha kwamba mboga zisizolimwa hazikuwa chakula cha dharura bali sehemu ya kawaida ya mlo. Mwaka 2002 Christopher Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs walitoa kitabu kikubwa cha mimea ya porini inayoliwa Tanzania. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa na ofisi yake Arusha tangu miaka ya 1990, kikikusanya mbegu za mboga za asili. Kwa hiyo taifa halikukosa wataalamu. Linachokosa ni njia ya kuyafikisha maarifa hayo kwa ofisa wa manispaa anayeamua ni kipi kifyekwe, ni kipi kinyunyiziwe dawa na ni wapi pamwagwe zege.

Suala la lishe halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa asilimia 45. Upungufu huo una sababu nyingi, malaria na minyoo ikiwemo, na hakuna jani moja linaloweza kuutibu. Lakini kila mtaalamu wa lishe husema jambo lilelile: mboga za majani, kila siku, za aina mbalimbali, pamoja na mafuta kidogo yanayosaidia mwili kuchukua kile kinachogeuka kuwa vitamini A. Mchunga wa nazi unatimiza sharti hilo barabara. Kwa familia ambayo fedha ya mboga ya siku inategemea kama kibarua kimepatikana au la, jani linalochumwa bure kwenye kiwanja cha jirani ndilo linalofanya ugali wa jioni uwe na kitoweo.

Dar es Salaam imewahi kulielewa hili vizuri zaidi kuliko sasa. Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitangaza kuwa siasa ni kilimo. Ukame wa miaka michache iliyofuata ulipoangusha mavuno, serikali ilianzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata wakazi wa mijini wakahimizwa kulima kila palipowezekana. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi hata chakula cha wiki, watumishi wa serikali walipanda muhogo na mchicha nyuma ya nyumba zao. Camillus Sawio wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwakuta wakulima wa jiji wakitoka katika kila tabaka, wasomi na maofisa wakiwemo. Makadirio yaliyonukuliwa sana ya wakati huo yalisema zaidi ya asilimia 90 ya mboga za majani zilizoingia katika masoko ya jiji zilitoka ndani ya jiji lenyewe, kwenye mabonde, maeneo ya wazi na viwanja vya nyumba. Mwaka 1992 serikali ilitunga kanuni za kilimo cha mijini, ikikubali kuwa kilimo hicho kipo na kinahitaji utaratibu.

Kanuni hizo zilimhusu mkulima mwenye tuta. Mchumaji hakutajwa. Mwanamke anayetoka Charambe alfajiri, akapita viwanja vya watu akichuma mchunga, mnavu na mchicha pori, kisha akauza mafungu kumi na tano kabla jua halijawa kali, hana kibali, hana eneo, na hakuna daftari la manispaa linalomtambua. Kwa mipango miji ni kama hayupo. Na kwa kuwa hayupo, eneo analolitegemea huitwa pori, na pori ni kitu cha kuondolewa.

Linaondolewaje? Hapa inafaa kutofautisha mambo, kwa sababu lawama nyingi huelekezwa pasipohusika. Panga si adui wa mchunga. Vijana wanaofyeka pembeni mwa barabara huwasaidia wachumaji bila kujua, kwa kuwa majani machanga hutoka upya. Nyumba nazo si za kulaumiwa. Watu lazima waishi mahali. Maadui wa kweli ni wawili, na wote wameingia kwa kasi.

Wa kwanza ni pevingi. Katika vitongoji vya nje vya Kinondoni, kuanzia Tegeta hadi Boko na Bunju, imekuwa kawaida kwa mwenye nyumba kufunika uwanja wote kwa vitofali vya saruji, ukuta hadi ukuta, pasibaki hata pa kupanda mpapai. Mashule yanafanya hivyo, nyumba za ibada zinafanya hivyo, vituo vya mafuta ndivyo vilivyoanza. Uwanja wa pevingi unafagilika upesi na hauna tope, hilo halina ubishi. Lakini maji ya mvua hayana pa kuzama. Yanatoka getini, yanaingia barabarani, yanamfuata jirani wa bondeni. Jiji hili linajua gharama ya maji yasiyo na pa kwenda: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali ilihamisha waathirika kutoka bonde la Msimbazi na kuwapa viwanja Mabwepande. Haisaidii kitu kumhamisha mtu kutoka bondeni halafu kuliziba zege eneo la juu ambalo lingekunywa maji. Ukanda wa udongo wa mita moja kuzunguka ukuta hupokea maji hayo, na ukiachwa hivyo, mchunga utaota hapo bila kualikwa.

Wa pili ni kiuagugu. Dawa yenye glaifoseti sasa inapatikana katika duka lolote la pembejeo, na mtu mwenye bomba la mgongoni humaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo wafyekaji watatu wangeifanya kwa siku nzima. Glaifoseti haiunguzi jani tu. Huingia kupitia jani, ikashuka hadi kwenye shina lililo chini ya ardhi na kuliua, jambo ambalo jembe na panga havikuweza kulifanya karne nzima. Hilo ni upande wa mmea. Upande wa binadamu ni mzito zaidi: mmea ulionyunyiziwa hubaki na rangi yake ya kijani kwa siku kadhaa kabla ya kunyauka. Mchumaji anayepita kesho yake hana namna ya kujua. Huenda hakuna alama yoyote iliyowekwa pale. Mboga hiyo inaweza kuishia kwenye bakuli la mtoto.

Kuna jambo jingine la kusikitisha kuliko haya mawili. Mahali pale ambapo mchunga umeng'olewa kwa ajili ya bustani, mara nyingi hupandwa ndugu yake wa kigeni. Katika hoteli na nyumba nyingi za ukanda wa pwani hupandwa mmea unaotambaa, wenye majani ya kung'aa na maua ya manjano, ambao wataalamu huuita Sphagneticola trilobata. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN. Hufunika ardhi, hunyima mimea mingine nafasi, hutoroka bustanini hadi kwenye mitaro, na haukai kwenye sufuria ya mtu yeyote. Manjano yake ni yaleyale. Mtu amelipa fedha kununua miche ya ua la manjano lisiloliwa, baada ya kumlipa mwingine aling'oe ua la manjano linaloliwa.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba mchunga ni gugu. Katika shamba la mahindi la Mkuranga au Kisarawe ni gugu kweli, tena sugu, na mkulima anayeulimia ana sababu. Hakuna anayemwomba auache katikati ya mahindi yake. Hoja inayohusu Dar es Salaam ni ya ardhi isiyolimwa, na ardhi hiyo haina mahindi ya kulindwa.

Wengine watasema ni hatari kula kitu kilichookotwa mjini. Hapa wana hoja nzito zaidi, na yeyote anayeutetea mchunga hana budi kuikabili. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakichunguza madini mazito kama risasi na kadimiamu. Kazi hiyo ilifungua macho ya wengi kuhusu maji machafu ya viwandani na mboga zinazomwagiliwa kwa maji hayo. Jani la mchunga halina kinga ya pekee dhidi ya madini hayo. Mchunga ulioota kwenye ukingo wa Msimbazi, au kwenye jalala, au hatua mbili kutoka kwenye mtaro wa gereji, usichumwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa mboga za mito ile ni tahadhari yenye maana.

Lakini jibu la hatari hiyo haliwezi kuwa kuua mchunga wa Toangoma kwa sababu ule wa Msimbazi ni mchafu. Jibu ni kupima. Shirika la Viwango Tanzania limepewa jukumu la usalama wa chakula tangu 2019. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara. Wakichukua sampuli za mchunga kutoka maeneo yanayojulikana ya Temeke na Kinondoni, wakatangaza kwa Kiswahili kinachoeleweka ni wapi pako salama na ni wapi hapafai, wachumaji watakuwa wa kwanza kusikiliza, maana hicho hicho ndicho wanachokula nyumbani kwao. Mnunuzi naye ana sehemu yake. Swali la “Mama, mchunga huu umechuma wapi?” si la kumvunjia heshima muuzaji. Likiulizwa kila siku, litamfanya anayechuma pazuri ajivunie kusema.

Tahadhari nyingine inahusu dawa. Mchunga hutumika kwa maumivu ya tumbo, homa na mengi mengine, na sifa zake huzidi kila mtu anapozisimulia. Muhimbili ina taasisi ya tiba asilia ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974, na huko ndiko madai kama hayo yanapopaswa kupimwa. Mwenye malaria apimwe na anywe dozi yake. Mwenye kisukari asiache vidonge vyake kwa sababu jirani amemwambia chungu huua sukari. Mchunga unatosha kuheshimiwa kama chakula.

Tena si kila ua la ukoo huu ni la kulelewa. Gugu karoti, ambalo nalo ni la ukoo wa alizeti, lilionekana Arusha mwaka 2010. Lina maua madogo meupe na majani yaliyochanika kama ya karoti. Huwasha ngozi, huwasumbua wenye matatizo ya kupumua, huharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe anayelila, na huteka malisho. Likionekana Dar es Salaam ling'olewe siku hiyohiyo, na anayeling'oa avae glavu. Ndiyo maana manispaa inahitaji watu wanaojua mimea. Mfyekaji aliyefundishwa kutambua majani kumi tu, ya kuacha na ya kuondoa, ni bora kuliko mabomba kumi ya dawa yanayomaliza kila kijani bila kuchagua.

Jirani wa kaskazini ametangulia katika hili. Huko Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alitumia miaka mingi kutafiti mboga za kienyeji wakati wenzake wengi wakiziona chakula cha maskini. Mwaka 2010 alitunukiwa tuzo ya kisayansi ya Umoja wa Afrika yenye jina la Kwame Nkrumah. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa waliorodhesha vyakula vya asili vya makabila mbalimbali. Leo mboga za kienyeji kama managu na saga huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili katika rejesta yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Katika kaunti ya Kilifi, Wamijikenda huuita mmea huuhuu mutsunga na huupika karibu sawa na watu wa Bagamoyo. Mmea ni mmoja, bahari ni moja, na jitihada ya upande ule haikuhitaji miujiza. Ilihitaji watu wachache walioamua kwamba mboga ya bibi ni jambo la kitaifa.

Kwa Kinondoni na Temeke hatua za kuanzia zipo na hazihitaji bajeti mpya. Mikataba ya usafi wa barabara na mitaro, iwe ya manispaa au ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, iandikwe wazi kwamba kufyeka ni kwa panga au mashine, na kiuagugu kisitumike kwenye maeneo ya wazi ya makazi. Pale kinapolazimika, ibandikwe alama na serikali ya mtaa itangaze siku tatu kabla. Vibali vya ujenzi tayari hudai michoro ya choo na mipaka; viongeze sharti la sehemu ya kiwanja kubaki udongo. Shule za msingi za Chamazi, Mbande na Mabwepande zina maeneo makubwa. Kona moja iachwe bila pevingi na bila dawa, walimu wa sayansi wawaonyeshe watoto yale meno matano kwenye ncha ya utepe, na jiko la shule lipike kinachoota hapo.

Wachumaji nao waingizwe katika mazungumzo. Maofisa ugani wa manispaa hukutana na wafugaji wa kuku na wakulima wa chainizi; hawajazoea kukaa na kina mama wanaochuma. Hao ndio wanaojua ni kiwanja gani kilikuwa na mchunga mwaka juzi na sasa hakina, nani amenyunyiza nini, na mtaro upi umeanza kutoa maji yenye rangi. Ofisi ya kata ikiwaita mara moja kila baada ya masika na vuli, ikaandika wanachosema kwenye ramani, itapata taarifa ambazo mshauri mwelekezi angezitoza mamilioni. Masika huanza Machi. Kabla ya hapo, madiwani wa kata zote hizi wanaweza kuliweka suala la kiuagugu kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati zao.